Unarudi na Nini?

Dereva wa nne aliponimulikia taa, nilikubali kwamba kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nimewasha taa za chini. Nilikuwa na uhakika wa jambo hilo kwa sababu nilikwisha kuitazama dashibodi mara tatu, lakini kila aliyekuja mbele yangu alinimulikia kwa hasira, na mmoja alipiga honi ndefu iliyoendelea kusikika hata baada ya kunipita. Nikasimama pembeni, nikashuka, nikazunguka nyuma. Gari nililoazima kwa kaka yangu, saluni ndogo ya kawaida, lilikuwa limekaa kwenye makalio. Nusu ya matairi ya nyuma ilikuwa imeingia ndani ya madigadi, na pua ilitazama juu kama mtu anayetafuta mwezi. Taa zilikuwa za chini kweli. Gari lenyewe ndilo lililokuwa limeinua uso.

Ndani yake kulikuwa na marumaru za sebule na ukumbi wa nyumba ya mama, tuliyokuwa tukiikarabati. Nilikuwa nimebakiza kilomita 190 kati ya 310.

Nilifika alfajiri, kwa mwendo wa baiskeli. Springi moja ya nyuma haikupona.

## Hesabu ya baada ya kosa

Kesho yake, kabla hata ya kumpigia kaka simu, niliketi kwenye ngazi za mlangoni nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya dukani. Marumaru ngumu za sakafu huwa na uzito wa takriban kilo 20 kwa kila mita ya mraba. Nilikuwa nimechukua za mita 22, yaani kilo 440. Mifuko sita ya gundi, kilo 20 kila mmoja, iliongeza 120. Mimi mwenyewe na sanduku la zana tulikuwa kama 100. Jumla ni 660.

Kisha nikaufungua mlango wa dereva na kusoma kile kibandiko kilichopo kwenye nguzo, ambacho nimekipita maelfu ya mara bila kukitazama. Ukichukua uzito wa juu kabisa ulioidhinishwa na kiwanda, ukatoa uzito wa gari tupu, unachobaki nacho ndicho gari linachoruhusiwa kubeba, na ndani yake wamo dereva na abiria wote. Kwa gari la kaka, baki hiyo ilikuwa kilo 430. Nilikuwa nimezidisha kilo 230, sawa na watu wazima watatu waliokaa kimya juu ya ekseli ya nyuma.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba buti halikuwa hata limejaa. Macho yalikuwa yameniambia kwamba nafasi bado ipo.

Kwa hiyo niliamua kununua gari, na niliamua kwa namna ambayo mtu aliyeaibika huamua mambo: nitanunua kitu ambacho hakitaniaibisha tena.

## Pikapu

Kwa muda wa miezi miwili sikutazama kitu kingine. Nilijua tofauti za kebini moja na kebini mbili, za magurudumu mawili na manne yanayosukuma, za injini zilizotangulia na zilizofuata. Toyota imekuwa ikitengeneza Hilux tangu 1968, na sifa ya uvumilivu inayoambatana na jina hilo haikupatikana kwa matangazo peke yake. Nilijiambia kwamba hoja hiyo inatosha. Nitakiri pia kwamba nilikuwa nimekwisha kujiona nikiwasili nayo: mkono dirishani, mbao nyuma, mafundi wakinisogelea kupakua. Picha hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko hesabu yoyote.

Nilipata moja, kuukuu lakini nadhifu, nikamwomba fundi anayekagua magari kwa ajili ya wanunuzi aje kuitazama. Alilala chini yake kwa muda mrefu. Alipotoka alisema chesisi haijaliwa na kutu, springi za majani hazijavunjika, injini ni nzima. Kisha, akijifuta mikono, akauliza:

“Unaitakia nini, ndugu yangu?”

Nikamweleza nyumba, umbali, marumaru, aibu yote.

“Na unarudi na nini?”

Nikasema kwamba sirudi na kitu. Narudi kazini.

“Basi nusu ya safari zako utakuwa unapigwa na springi zinazosubiri tani moja.”

Hakuongeza neno. Alichukua ujira wake akaondoka, na mimi nikabaki nikiwa nimekasirika kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo alikuwa amejitahidi kulikwepa. Siku ile sikuinunua. Wiki iliyofuata pia sikuinunua. Nilikuwa nikilisikia swali lile kila nilipofungua matangazo ya magari, hadi nikaona aibu kuendelea kuyafungua.

Fundi alikuwa sahihi kuhusu springi. Majani ya chuma yaliyopangwa kubeba tani hayana sababu ya kujikunja chini ya sehemu ya nyuma iliyo tupu. Hurukaruka kwenye kila kovu la barabara, na mvua inaponyesha, ekseli ya nyuma isiyo na uzito juu yake hupoteza mshiko mapema katika kona. Wenye pikapu wanalijua hilo, na baadhi yao huweka mifuko ya mchanga nyuma ili gari litulie. Nilijiuliza kama kweli nilikuwa najiandaa kubeba mchanga kilomita 310 kwa sababu sina cha kubeba.

## Daftari

Nilitafuta risiti zote za safari saba zilizopita, nikachora safu mbili kwenye daftari: kwenda na kurudi.

Safu ya kwenda ilinishangaza. Safari ya marumaru ilikuwa moja. Nyingine moja ilikuwa na makopo ya rangi mengi kiasi cha kuhesabika kuwa mzigo. Tano zilizobaki zilikuwa na vitu vya aina nyingine kabisa: drili, grenda, msumeno wa umeme, mabomba ya plastiki, koki, vitasa, roli mbili za waya, taa zilizofungwa kwa mablanketi, mbao nyembamba za kuzungushia sakafu, beseni la bafuni, na ngazi ya jirani ambayo nilimwahidi kuirudisha ndani ya wiki mbili. Ukivipima vyote vya safari moja, hupati kilo 150. Usumbufu wao ni urefu, udhaifu na umbo. Beseni halikubali kukaa popote isipokuwa pale lilipotaka lenyewe.

Na vile vizito hasa, saruji, mchanga, kokoto, matofali, mabati, mbao za kenchi, havikuonekana kwenye daftari hata mara moja. Vilinunuliwa karibu na nyumba na vililetwa kwa lori. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa. Mifuko kumi ya saruji ya kilo 50 ni nusu tani, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeisafirisha umbali ule wakati inapatikana jirani. Mchanga nao una somo lake: mita moja ya ujazo huwa na uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, na karai la pikapu ya kawaida, ile sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo, likijazwa hadi ukingoni, hukaribia mita hiyo moja. Maana yake ni kwamba hata ile pikapu ya ndoto zangu, iliyoandikwa tani moja, ningeizidishia mzigo kwa mchanga kama nilivyolizidishia gari la kaka kwa marumaru. Taa zingeangalia juu vilevile, tofauti ni kwamba ningekuwa nimekaa juu zaidi.

Mbao za plaiwudi zilinipa shida kidogo katika hoja hii. Ubao mzima huwa na milimita 1220 kwa 2440, na magari mengi madogo hayana upana huo kati ya matao ya magurudumu. Niliihesabia pikapu pointi moja hapo. Kisha nikakumbuka kwamba katika safari zote saba nilihitaji plaiwudi mara moja, na kwamba muuzaji aliikata vipande viwili kwa dakika tano.

Safu ya kurudi ilikuwa na mistari mitupu saba.

## Barabara nayo ni kazi

Kuanzia hapo nililigeuza swali. Niliacha kuuliza gari gani linaifaa nyumba, nikauliza gari gani linaifaa barabara inayoifikia.

Kwenda na kurudi ni kilomita 620. Nikienda mara mbili kwa mwezi, mwaka mmoja unakuwa na kilomita 14,880. Pikapu kuukuu inayotumia lita 11 kwa kilomita 100 na steshenwagoni, lile gari refu la familia lenye nafasi ya mizigo nyuma ya viti, inayotumia 7 zitakuwa zimetofautiana kwa takriban lita 600 kufikia mwisho wa mwaka, na nyingi kati ya lita hizo zitakuwa zimechomwa kwa ajili ya kusafirisha karai tupu. Kwa thamani ya mafuta hayo ningeweza kukodi lori kwa zile siku mbili nzito na bado nikabakiwa na kitu.

Nililitazama pia gari la mizigo lenye bodi iliyofungwa, lile ambalo mafundi wengi duniani hulipenda, na kwa haki: sakafu yake ni tambarare, mlango wake ni mpana, na zana hazionekani kwa wapita njia. Nililiendesha mchana mmoja. Bati lisilo na kitambaa ndani hunguruma kama ngoma, na baada ya saa moja nilikuwa nikiongea peke yangu kwa sauti ya juu. Kazi yangu huanza nikifika. Mtu anayeendesha saa tano, akashuka na masikio yanayolia, kisha akapanda ngazi kufunga nyaya za umeme darini, anajitafutia jambo. Tela nililifikiria kwa jioni moja tu: linahitaji mzigo uelekezwe mbele kidogo ya ekseli ili lisiyumbe, linahitaji dereva anayejua kurudi nyuma nalo, na dereva huyo si mimi.

Halafu kuna suala la kuharibika. Gari linalogoma karibu na kwangu litaniudhi. Likigoma katikati ya safari, mafundi wanaolipwa kwa siku watakuwa wamekaa kivulini wakinisubiri, na mimi nitakuwa natafuta spea kwa watu nisiowajua. Kwa hiyo nilifuta kwenye orodha kila gari ambalo sikuliona kwa wingi barabarani. Gari la kipekee ni zuri kwa mtu ambaye haendi mbali.

## Simu ya mama

Nilidhani nimemaliza, na ndipo mama alipopiga simu kuuliza paa limefikia wapi. Nikamweleza kuhusu magari, kwa sababu siku hizo nilikuwa nikimweleza kila mtu kuhusu magari.

“Hiyo pikapu, mwanangu, nitaipanda vipi?”

Mama ana magoti mabovu. Kila baada ya wiki chache mtu humpeleka kliniki, na mara nyingi mtu huyo ni mimi, katika safari hizohizo za ukarabati. Nilikuwa nimepima upana wa plaiwudi na uzito wa saruji, nimehesabu lita za mafuta ya mwaka mzima, na sikuwa nimepima kimo cha kiti. Tunaikarabati nyumba ile ili mama aishi ndani yake bila kupanda wala kushuka: tumeondoa vizingiti, tumeshusha beseni, tumejenga mteremko mlangoni. Nami nilikuwa karibu kununua gari ambalo angelazimika kulikwea.

Nilimjibu kwamba atapanda bila shida, ingawa wakati ule sikuwa na gari lolote.

## Kulala chini ya magari ya watu

Steshenwagoni ya kwanza niliyoiendea ilikuwa inang'aa. Tulikubaliana na muuzaji saa mbili asubuhi. Nilipofika niliweka kiganja juu ya boneti, kama fundi alivyonielekeza, nikakuta ina joto. Gari linalowashwa mapema kabla mnunuzi hajafika huwa lina jambo linalofichwa: huenda linawaka kwa shida likiwa la baridi, huenda linatoa moshi, huenda injini inagonga hadi oili ifike juu. Huenda pia muuzaji alikwenda dukani asubuhi. Sikutaka kumhukumu mtu kwa boneti.

Nikachomeka kile kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari. Hakikuonyesha hitilafu yoyote, na hapo ndipo nilipojifunza kutoridhika na habari njema, kwa sababu majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe yalikuwa karibu yote hayajakamilika. Hali hiyo hutokea kumbukumbu ya hitilafu inapofutwa au betri inapochomolewa, na gari likawa bado halijaendeshwa vya kutosha kujipima upya. Odometa ilidai kilomita chache. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika upande mmoja hadi chuma kikaonekana, na usukani ulikuwa laini kama kokoto ya mtoni. Nilishukuru, nikaondoka.

Ya pili haikung'aa. Sakafu ya nyuma ilikuwa na mikwaruzo mirefu, na nilikaa nayo hiyo mikwaruzo kwa muda. Gari lililobeba mizigo limechoka; gari lisilowahi kubeba hujui litafanya nini likibebeshwa. Mpaka leo sina jibu lililotulia kuhusu jambo hilo. Nilichofanya ni kulala chini na kutazama springi za nyuma, shokamzoba zisizovuja, na kingo za chini za bodi ambako kutu huanzia kimyakimya. Nikageuza mfuniko wa oili kutafuta ute mweupe unaoashiria maji kuingia mahali pasipostahili. Nikasoma tarakimu nne ubavuni mwa matairi, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho mwaka wa kutengenezwa, nikagundua kwamba tairi moja lilikuwa na umri wa miaka tisa na kashata zake bado ndefu. Tairi hupumbaza hivyo: raba huzeeka hata lisipotembea.

Kisha nikaomba tuendeshe dakika 45 barabara kuu, kipoza hewa kikiwa kimewashwa. Muuzaji alishangaa, kwa sababu watu wengi huzunguka mtaa mara mbili wakaridhika. Lakini mimi sikununua gari la kuzunguka mtaa. Rejeta iliyoziba nusu huvumilia mwendo mfupi. Ni baada ya nusu saa ya mwendo wa kasi, au mlima mrefu, ndipo mshale wa joto unaposema kweli. Mshale ulipanda hadi katikati ukakaa.

Hakukuwa na kumbukumbu ya lini mkanda wa taimingi ulibadilishwa. Katika injini nyingi, mkanda huo ukikatika, valvu hukutana na pistoni zinazopanda, na matengenezo yake huweza kuipita thamani ya gari lenyewe. Niliuhesabu kuwa haujawahi kubadilishwa, nikaukata katika bei, nikaubadilisha kabla ya safari ya kwanza pamoja na lile tairi la miaka tisa.

Kabla ya kulipa nilitoa kwenye mfuko kamba yenye fundo kila nusu mita, na kipande cha boksi nilichokikata kwa upana wa mlango wa bafuni, sentimita 76. Boksi lilipita nyuma likalala bapa. Kamba ilifika mita mbili na nusu, kutoka mlango wa nyuma hadi dashibodi, kiti cha abiria kikiwa kimelazwa. Muuzaji alicheka sana. Nilimwomba basi akae kwenye kiti kile cha abiria, kikiwa kimesimama, kisha ashuke polepole bila kushika chochote, nami nikatazama magoti yake.

## Miezi minne

Gari halijanitosha siku zote. Mwezi uliopita zilihitajika bodi 14 za jasi kwa ajili ya dari, na nilisimama dukani nikizitazama kama mtu anayetazama basi lililomwacha. Nilikodi lori. Nilifikiria kuzifunga kwenye keria, lakini paa la gari hili limeruhusiwa kilo 75, keria yenyewe ikiwemo, na mimi ni mtu niliyekwisha kuyajua macho ya madereva wa usiku.

Nimefunga wavu wa chuma nyuma ya viti, na kila sanduku lina mkanda wake. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, likisimamishwa ghafla ndani ya nusu mita, hulifanya sanduku la zana la kilo 20 lisukume mbele kwa nguvu ya karibu kilo 400. Mama hukaa mbele ya sanduku hilo.

Jumapili iliyopita nilimchukua aje akae kwangu wakati rangi inakauka. Alifungua mlango mwenyewe, akakaa kwanza, kisha akaingiza miguu mmoja baada ya mwingine, akalalamika kwamba kiti kina mavumbi ya saruji, jambo ambalo ni kweli. Tulipofika nilitoa daftari nikaandika kwenye safu ya pili: mama, viti viwili vya kupigwa varnishi, na ngazi ya jirani.